Mziki Una Kwao

Tuanze kwa ugomvi kidogo, wapenzi wasomaji. Tahakiki nyingi za mziki tunazoandika sisi vijana zina kasoro moja. Zinauliza wimbo unasema nini, wala haziulizi wimbo umetoka nyumba gani. Tumelelewa na daftari la sekondari: fani na maudhui, dhamira kuu, dhamira ndogondogo, ujumbe, falsafa, kufaulu na kutofaulu kwa msanii, mwalimu anapiga vema, basi. Sasa mpe mtu aliyekulia kwenye daftari hilo wimbo wa kucheza, wenye maneno manne yanayorudiwa dakika nane. Anakwama. Anaandika "wimbo hauna ujumbe", anafunika kalamu yake. Usiku ukiingia, mtu yuleyule utamkuta mbele ya spika, jasho linamtoka, anacheza wimbo ule ule usio na ujumbe mpaka kunakucha.

Nasema haya kwa sababu huku kwetu, kuanzia Lulindi mpaka Masasi mjini, ukipanda mlima mpaka Newala, siku hizi sherehe bila spika si sherehe. Watoto wakitoka jandoni, mwali akitolewa ndani, harusi, mnada wakati wa hela ya korosho, kijana wa bodaboda na redio yake: amapiano, singeli, halafu amapiano tena. Tunacheza sana, tunaandika kidogo. Na tunapoandika, tunaongea kana kwamba mdundo umeokotwa njiani, hauna mama wala baba.

Hoja yangu ni moja, na nitaisema mapema ili anayetaka kubishana ajiandae. Mziki wa kucheza, wa Marekani na wa kwetu, ulijengwa na watu waliofungiwa nje ya nyumba za heshima. Walijijengea nyumba yao wenyewe. Nyumba ilipopendeza, wenye heshima walihamia humo, na wajenzi wakatolewa nje kwa mara ya pili. Mhakiki anayesifia nyumba bila kuwataja wajenzi anashika mlango upande wa wanaotoa watu nje.

Ghala

Twende mbali kwanza, tutarudi. Mziki unaoitwa house umeenea dunia nzima, na jina lake kwa Kiingereza ni nyumba. Lakini jina hilo halikutoka nyumbani kwa mtu. Lilitoka ghalani. Mwaka 1977, katika jiji la Chicago, ilifunguliwa klabu ya usiku ndani ya jengo la zamani la viwanda, mtaa wa South Jefferson, ikaitwa Warehouse, yaani ghala. Mwenye klabu alikuwa Robert Williams. DJ aliletwa kutoka New York: kijana Mweusi wa miaka 22 anayeitwa Frankie Knuckles.

Waliojaa humo walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa vijana Weusi, pamoja na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na sehemu kubwa walikuwa wanaume wapendao wanaume. Watu hawa walikuwa wamekataliwa mara mbili. Kwenye kumbi za Wazungu walikataliwa kwa rangi yao, hata zile kumbi za Wazungu wapenda jinsia moja. Kwenye mitaa yao wenyewe na makanisa yaliyowalea walikataliwa kwa mapenzi yao. Kwa hiyo ghala lile halikuwa mahali pa starehe tu. Palikuwa mahali pekee ambapo mtu aliingia na mwili wake mzima, hakuacha kipande mlangoni.

Sasa angalia kazi yenyewe. Knuckles alichukua santuri za disko, akasikiliza pale ambapo waimbaji na vinanda vinanyamaza, ngoma na besi vinabaki peke yake. Kipande hicho cha sekunde chache alikirefusha. Alikata mkanda, akaunga, akarudia, baadaye akaongeza mashine ya ngoma chini yake. Mguu unapiga sawasawa, moja mbili tatu nne, hauyumbi. Juu ya mguu huo akaweka sauti zilizolelewa kanisani. Inasimuliwa kwamba wateja walikwenda kwenye duka la santuri wakauliza "ule mziki wa Warehouse", na ulimi, kama ilivyo kawaida yake, ukakata neno. Ikabaki house.

Upande wa pili wa jiji watu walikuwa na hasira. Tarehe 12 Julai 1979, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaalika watu waje na santuri za disko zilipuliwe kwa baruti katikati ya mechi mbili. Zililipuliwa. Maelfu wakavamia uwanja, mechi ya pili haikuchezwa. Mlangoni palikuwa na kijana Mweusi anayefanya kazi ya kuwaonyesha watu viti vyao, jina lake Vince Lawrence. Yeye amesimulia baadaye kwamba santuri nyingine alizoziona zikiletwa hazikuwa disko kabisa. Zilikuwa tu za wanamziki Weusi. Mwaka 1984, Vince Lawrence huyo huyo na Jesse Saunders walitoa "On and On", ambayo wengi wanaihesabu kuwa santuri ya kwanza ya house. Waliokusudia kuuzika mziki waliupandia mbegu bila kujua.

Januari 1987, "Jack Your Body" ya Steve "Silk" Hurley, mtoto wa Chicago, ilishika namba moja Uingereza. Kuanzia hapo Ulaya iliuchukua mziki na kuufanya biashara kubwa, na kwenye mabango ya matamasha sura zikabadilika. Kumbukumbu pia ikabadilika. Wakati huo huo UKIMWI ulikuwa unawafagia wachezaji wa kumbi zile za mwanzo. Mwaka 1992 alifariki Larry Levan, DJ wa Paradise Garage ya New York, na mwaka huohuo akafariki Ron Hardy wa Music Box, Chicago. Frankie Knuckles mwenyewe alifariki mwaka 2014.

Ilifika Februari 2023 ndipo Beyoncé, akipokea tuzo ya Grammy kwa albamu yake ya mziki wa kucheza, akawashukuru hadharani wapenda jinsia moja kwa kuuvumbua mziki huo. Mwaka huohuo jiji la Chicago lililipa jengo la Warehouse hadhi ya kuhifadhiwa kisheria. Piga hesabu: kutoka 1977 mpaka 2023 ni miaka 46. Mtu aliyeingia ghalani akiwa na miaka 20 alikuwa na 66 aliposikia asante, kama alikuwa hai.

"Hayo ni ya Marekani, sisi yanatuhusu nini?" Swali zuri. Jibu la kwanza ni fupi. House ilifika Afrika Kusini, na katika miaka ya 1990 vijana wa Soweto waliipunguza mwendo, wakaisemesha lugha zao, ikawa kwaito. Kutoka humo na kutoka kwenye house yao wenyewe, miaka ya 2010 ikazaliwa amapiano. Amapiano ikapanda hadi Dar es Salaam, ikaingia ndani ya Bongo Fleva, ikashuka barabara ya kusini mpaka kwetu. Mshkaji unayecheza amapiano Newala, mguu wako unakanyaga sakafu ya lile ghala.

Jibu la pili ni refu zaidi, na ndilo lililonifanya niandike. Sisi tulikuwa na ghala letu. Tuliliita ua.

Uani

Karne ya 19, watu wa nchi hii ya Ruvuma, Wamakua, Wayao, Wamakonde na wengine kutoka Nyasa, walikokotwa mpaka Kilwa, Lindi na Mikindani, wakavushwa kwenda Unguja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka pwani ya Lindi na kundi la watumwa walioachiwa huru, wakitembea kuelekea walikotoka, wakaishia Masasi. Kwa hiyo mji wetu wa Masasi tunaoujua ulianza na watu waliokwenda wakarudi.

Lakini walio wengi hawakurudi. Walibaki Unguja, wakajaza mtaa wa Ng'ambo. Walibaki Mombasa. Mtumwa hakupanda jahazi na sanduku. Alipanda na mwili wake na nyimbo zake. Akina mama wa bara walipofika mijini walianza tena kile walichokijua: kumfunda mwali, kumchezea, kumwimbia kwa mafumbo. Watafiti waliochimba historia hiyo, kama Margaret Strobel kwa Mombasa na Laura Fair kwa Unguja, wameonyesha jinsi ngoma na mafundisho ya wanawake mijini yalivyobebwa na wanawake wa utumwani na vizazi vyao. Waungwana waliwadharau mchana. Usiku waliwaita waje wawafunde mabinti zao.

Yaliyomo unyagoni siyasemi hapa. Si yangu, na hata yangekuwa yangu, yana mwiko wake. Naongelea kinachosikika na kila mpita njia. Kuna ngoma ndefu, kuna anayeipiga, kuna anayeanzisha na kundi linalopokea. Maneno ni machache, yanarudiwa, na kila yanaporudi yanakuwa mazito zaidi, maana mwili umeshaanza kuyaelewa kabla ya kichwa. Ukiniuliza, hiyo ndiyo fani ileile ya ghalani: kipande kifupi, kirefushwe mpaka kifungue mlango.

Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, alipita Masasi na Newala na mashine mbili za ajabu kwa wakati ule: moja ya kunasa sauti kwenye nta, nyingine ya kupiga picha zinazotembea. Alinasa nyimbo na ngoma zetu, akarudi nazo Ujerumani, akaandika kitabu. Maji Maji ilikuwa haijapoa. Mimi huwa nafikiria sauti zile za akina mama na vijana zilivyozunguka ndani ya nta, mbali na nyumbani. Jina lililo juu ya jalada la kitabu ni la aliyeshika mashine.

Sasa tazama kilichotokea Unguja. Taarab ilikuwa mziki wa jumba la Sultani, ukiimbwa Kiarabu. Akaja mwanamke aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880, mtoto wa wazazi wa asili ya utumwa, muuza vyungu aliyehamia mjini: Siti binti Saad. Aliimba Kiswahili. Aliimba mambo ya Ng'ambo, ya mahakamani, ya mwanamke aliyeonewa. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikasambaa pwani yote. Shaaban Robert mwenyewe, baba wa kalamu zetu, aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima, akamwandikia wasifu. Tunapoambiwa taarab ni mziki wa kistaarabu wa mabwana, tukumbuke nani aliufanya upendwe.

Baada yake akaja Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, bingwa wa kuimba taarab na pia kungwi wa unyago. Dunia ilimpigia makofi, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Ngoma aliyoipiga ameifunga kwenye mwili wake, akiwa amesimama, ndiyo ileile ngoma ndefu ya unyagoni. Kamusi zetu zinaiita msondo.

Msondo! Wengi mkisikia jina hilo mnawaza magitaa na tarumbeta. Ni kweli. Ile bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikapita JUWATA na OTTU, leo inaitwa Msondo Ngoma. Sina ugomvi na bendi hiyo, naipenda kuliko ninavyoweza kueleza. Nasema tu tuone safari ya neno. Ngoma ya akina mama, iliyochezwa ndani, imepanda jukwaani na kuwa jina la mziki wa wanaume waliovaa sare. Jina lilipanda, akina mama walibaki chini wakicheza. Je, hii si hadithi ya lile ghala?

Neno lenye nyuso mbili

Ndani ya ua huo kulikuwa na mtu mwingine ambaye tahakiki zetu hazimtaji kabisa. Ngoja nianze na neno lake, kwa sababu sisi ni watu wa maneno.

Mwanamke akimwita mwanamke mwenzake "shoga", amemwita rafiki wa ndani, msiri wake, mtu wa kukopeshana kanga na machozi. Mwanaume akiitwa neno hilo hilo, ametukanwa, na siku hizi anaweza kupigwa. Herufi tano tu, nyuso mbili. Mimi nadhani neno hili limebeba historia kuliko vitabu vingi. Linatuambia kwamba wanaume hao waliitwa kwa jina la urafiki wa wanawake kwa sababu walikuwa pamoja na wanawake. Walikuwa uani.

Sio dhana yangu tu. Miaka ya 1970 mtafiti Gill Shepherd alifanya kazi Mombasa, akaandika kuhusu mashoga waliokuwa wakialikwa kwenye harusi na ngoma za wanawake, mahali ambapo mwanaume mwingine asingekanyaga. Walipiga ala, waliimba, walichangamsha. Tusipambe lakini. Walikaribishwa uani, hawakukaribishwa barazani. Walichekewa, na kicheko hakikuwa heshima. Ua wenyewe ulikuwa na matabaka yake, mtoto wa mtumwa na mtoto wa mwungwana hawakusahauliana hata kwenye ngoma. Halikuwa ghala la malaika, kama lile la Chicago nalo halikuwa. Lakini palikuwa na nafasi, na kutoka kwenye nafasi hiyo kilitoka mchango.

Mtu mmoja ataruka aseme: "Kwa hiyo unadai taarab ni ya mashoga?" Hapana, na nisilishwe maneno. Mziki hauna mzizi mmoja. Nadai kwamba ua ulipokea wote ambao baraza haikuwataka, mtumwa, mwanamke aliyeachwa, kungwi wa bara, shoga, na kwamba ladha tunayoipenda, kijembe, fumbo, kiuno, jibu la papo kwa papo, ilipikwa na wote hao kwenye chungu kimoja. Ukimtoa mmoja kwenye hadithi, chumvi imepungua.

Waandishi, hapa pana somo la kazi yetu. Kwa nini nyimbo za uani zimejaa mafumbo? Darasani tuliambiwa fumbo ni pambo la lugha. Si kweli, au si kweli yote. Fumbo ni paa. Mtu ambaye ukweli wake unaweza kumgharimu huujengea paa, aishi chini yake. Anayejua atasikia, asiyejua atacheza tu. Nyimbo za house nazo zinaimba "upendo", "uhuru", "nyumbani", maneno mapana ambayo kila mtu anaingia, lakini waliokuwa ghalani walijua hasa ni upendo upi na nyumbani kwa nani. Mhakiki anayesema nyimbo hizo hazina maudhui amesimama nje, analisifu paa, hajui kuna watu chini yake.

Neno "uhuni"

Kila mziki huu ulipotoka uani kwenda mtaani ulipokewa na neno lilelile. Sindimba yetu ya Kimakonde, ilipopandishwa jukwaa la taifa baada ya uhuru, iligombaniwa kwa sababu ya kiuno: eti ni aibu, eti ipunguzwe. Disko liliitwa uhuni. Mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vinavyokwaruza, ambao kundi la Jagwa wamekuwa wakiupiga tangu 1992, uliitwa mziki wa wahuni. Vigodoro navyo vimepigwa marufuku mara kwa mara. Halafu singeli.

Singeli tuitazame vizuri, kwa sababu ndiyo inayotuwakilisha duniani hivi sasa. Imezaliwa Manzese, Tandale, Mburahati, mitaa ya Dar ambayo wengi waliohamia kutoka kusini wanaijua kwa miguu. Watayarishaji wa mwanzo walichukua vipande vya taarab, kinanda cha utangulizi pengine, wakakikata, wakakizungusha, wakakiongeza kasi mpaka kinapita midundo 200 kwa dakika. Umeona? Knuckles alichukua disko akarefusha. Watoto wa Manzese walichukua taarab wakakimbiza. Mkono ni uleule: anayekosa ala anafanya santuri ya mwenzake iwe ala yake. Na kilichomo ndani ya kipande hicho kinachozunguka ni ua. Kijana anayepiga kelele juu yake huenda hajui kwamba bibi wa Ng'ambo anazunguka chini ya sauti yake mara 200 kwa dakika.

Mwaka 2017 mkusanyiko wa nyimbo za studio ya Sisso, Mburahati, ulitolewa Kampala na lebo ya Nyege Nyege Tapes, ukapelekwa hadi kwenye matamasha ya Ulaya. Watu hao hao wa Nyege Nyege wana tamasha lao Uganda tangu 2015. Mwaka 2018 waziri wa maadili Simon Lokodo alilipiga marufuku, akidai ushoga na utovu wa maadili, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Mwaka 2022 bunge nalo likataka lifungwe, likaruhusiwa tena kwa masharti. Mwaka 2023 Uganda ikapitisha sheria kali kabisa dhidi ya wapenda jinsia moja. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba mambo haya ni ya Chicago ya zamani. Singeli ya Mburahati imesafiri ikipitia mlango huo huo unaogombaniwa.

Majina

Hapa sasa ndipo penye kazi ngumu, na siwezi kuiruka.

Nimesema Wamarekani walichelewa miaka 46 kuwataja wajenzi. Lakini angalau wanaweza kuwataja. Frankie Knuckles, Larry Levan, Ron Hardy: unaandika jina, unaandika tarehe. Kwetu sheria ya adhabu, yenye asili kwa Mwingereza aliyetutawala, inafika mpaka kifungo cha maisha. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alitangaza kikosi cha kuwasaka watu hawa, akawaomba wananchi wapeleke majina. Fikiria, mwandishi mwenzangu. Majina! Kitu kilekile ambacho mhakiki anakiona kuwa ni heshima, polisi anakiona kuwa ni ushahidi.

Basi tumenaswa katikati. Nikinyamaza, nimeiba. Nikitaja, nimeuza mtu.

Wapo wenzetu wanaotoka kwenye mtego huu kwa kusema sanaa na msanii ni vitu viwili, tusome wimbo tu, ya uani tuyaache uani. Inapendeza kusikia. Lakini angalia nani anafaidika na utenganisho huo. Tukiandika kuhusu fasihi ya Mapinduzi tunamtaja mkulima. Tukiandika kuhusu riwaya za Kezilahabi tunaitaja Ukerewe na visiwa vyake. Asili ikiwa ya kujivunia tunaitaja, ikiwa ya kuona haya ghafla tunakuwa wataalamu wa fani peke yake. Huo si uhakiki, ni adabu ya barazani.

Mimi napendekeza njia nyembamba, nanyi mnaweza kuikosoa. Tutaje nyumba hata tusipoweza kutaja wenye nyumba. Tuandike kwamba mpigo huu umetoka uani, kwamba ua ulikuwa wa akina fulani na akina fulani, watumwa, makungwi, mashoga, bila kunyooshea kidole jirani aliye hai. Waliokufa na wenye kujitaja wenyewe tuwataje kwa majina kamili, tuwape tarehe zao. Walio hai wasiotaka kutajwa tuwaachie paa lao, ila tusiseme nyumba ilijijenga. Kuficha jina la mtu ili alale salama ni kitu kimoja, na kukana kwamba alikuwepo ni kitu kingine, ingawa kwenye karatasi nafasi tupu zinafanana. Kazi ya mwandishi ni kuifanya nafasi hiyo isomeke.

Na tuna kazi ya karibu zaidi. Hapa hapa, katika kata zetu, wapo mabibi wanaokumbuka nyimbo ambazo wajukuu wao wanazicheza leo kwa spika bila kujua. Tusisubiri mtu aje na mashine ya nta. Nenda ukae naye, muulize kinachoulizika, mwiko uuache ukae, uandike jina lake juu ya ukurasa kabla ya lako, kama ameridhia. Kijana wa singeli wa hapo kwenu naye muulize kipande anachokizungusha amekitoa kwenye wimbo gani wa taarab, na ule wimbo aliuimba nani. Utakuwa umeanza tahakiki ambayo daftari letu la sekondari halikutufundisha.

Wahenga walituachia methali: mwacha asili ni mtumwa. Tumeiimba shuleni bila kuitafuna. Kwa mziki wetu imegeuka tumbo juu. Asili yenyewe ndiye mtumwa, ndiye kungwi, ndiye shoga wa uani, na anayemwacha huyo anajiona amekuwa mwungwana. Basi tuchague tunaandika kutoka wapi. Spika ikiwashwa wiki ijayo, chezeni, na mimi nitakuwepo. Asubuhi yake shikeni kalamu, muandike mziki huo una kwao.